Muhula Ngoma Ilipofungiwa Stoo

Jumatatu, 5 Mei 1986

Leo nimeitwa mwalimu. Mimi, Kisilu mwana wa Mumbua, mzaliwa wa Tulia kule Kitui, niliyesoma kidato cha kwanza chote na cha pili kipande, nimesimama mbele ya darasa la nne nikiwa na tai shingoni. Tai ni ya hoteli ya Mombasa nilikokuwa nikiwachezea watalii. Ina picha ya samaki, lakini ukiwa mbali huwezi kujua.

Mambo yalikuwa hivi. Mfumo mpya wa nane-nne-nne umeleta somo la muziki, sanaa na ufundi, na litatahiniwa. Bwana Nzomo, mwalimu mkuu, akawatazama walimu wake, akaona wote wanajua wimbo mmoja tu, wa taifa, na wakifika ubeti wa pili wanafungua na kufunga midomo kama wanatafuna. Mwezi jana nilikuja hapa Mbumbuni kumwona dada yangu aliyeolewa huku. Bwana Nzomo akanikuta hotelini sokoni nikiwaeleza watu nilivyoruka sarakasi mbele ya Wajerumani, huko huko kwao. Alisikiliza mpaka chai yake ikapoa.

"Bwana, unaweza kufundisha watoto?"

"Mwalimu," nikamwambia, "nimemfundisha Mzungu wa kilo mia moja kutikisa mabega. Mtoto wa Mkamba atanishinda?"

Nilimwambia nimetembea nchi tano. Ni mbili, ukihesabu uwanja wa ndege wa ile ya pili.

Mvua inamalizikia. Njia ya shule ni uji mtupu.

Jumatano, 7 Mei

Nimewaambia kila mmoja aseme jina lake huku akipiga makofi. Wengine wamesema kwa aibu, wengine kwa kelele. Ikafika zamu ya msichana wa nyuma, mwembamba, macho makubwa. Akapiga kofi. "Ka-ka-ka-ka..." Jina likakwama mlangoni, halitoki wala halirudi ndani.

Kabla sijafanya lolote, Musyoka, jitu la darasa hili, mvulana aliyebakisha kidogo tu aote ndevu, akaita: "Mwalimu, kuku anataga!" Darasa zima likacheka. Yule mtoto akaketi, akakunja mikono, akawa kama hayupo.

Baadaye Bwana Nzomo ameniambia: "Huyo ni Kalunde, wa Musembi wa bucha. Usimalize chaki yako kwake. Musembi ameshasema. Mwisho wa muhula atamsimamisha buchani kwake amwulize hesabu. Akijibu kwa mdomo wake, atabaki shule. Asipojibu, anatolewa, akambebee mama yake mtoto."

"Na huyo Musembi ni nani wa kuamua hivyo?"

"Ni baba yake. Tena ni mwenyekiti wa kamati ya shule, na mzee wa kanisa. Kwa hivyo hata wewe, Bwana Kisilu, yeye ndiye ameamua ukae."

Nimeinuka nikaenda kufuta ubao. Si kawaida yangu.

Ijumaa, 9 Mei

Udongo wa kufinyanga. Musyoka amefinyanga Musyoka. Kalunde amefinyanga mizani ya bucha, sahani mbili na mkono wake, na ukiweka kokoto huku, kule kunapanda. Nimeiweka dirishani.

Jumatatu, 12 Mei

Matope. Nimeanguka mbele ya darasa la nane. Nimewaambia ni sarakasi.

Jumatano, 21 Mei

Nimegundua jambo, na nikifa leo liandikwe kwenye kaburi langu.

Watoto walikuja kipindi changu wakipuliza viganja. Bwana Nzomo alikuwa amewachapa kwa sababu ya sehemu: nusu, robo, robo tatu. Nikawauliza nusu ni nini. Wakajibu kwa sauti moja, "Moja juu ya mbili, mwalimu!" Nikawauliza, hiyo moja ilipanda juu ya mbili kutafuta nini? Hata mimi sijui.

Nikamtoa Waziri. Waziri ni ngoma yangu kubwa, niliyorudi nayo kutoka pwani. Nimeiita hivyo kwa sababu ina tumbo, ina kelele, na haifanyi kitu mpaka ipigwe. Nikawaambia safu ya kwanza wapige mara moja tu kila tukitembea hatua nne. Huo ni mzima. Safu ya pili wapige mara mbili katika hatua zile zile. Hizo ni nusu. Safu ya tatu mara nne. Hizo ni robo. Wenye kopo wapige kopo, wenye dawati wapige dawati, na Waziri awashike mkono.

Mwanzo ilikuwa vita. Kila mtu alitaka asikike yeye. Nikawaambia, "Usipomsikia jirani yako unapiga peke yako, na mtu anayepiga peke yake sokoni huitwa mwendawazimu." Wakaanza kusikilizana. Walipokutana wote pale kwenye hatua ya kwanza, mzima na nusu na robo, bomu! darasa lilitikisika, nikaona nyuso zao. Nimeona nyuso za watu wakipigiwa makofi Ulaya. Hazikuwa kama hizi.

Nikauliza, "Ndani ya nusu tatu kuna robo ngapi?" Musyoka alikuwa bado anakuna kichwa, na vidole vya Kalunde vikawa vinatembea juu ya dawati, taka-taka, taka-taka, taka-taka. Akainua vidole sita. Hakusema neno. Akawa wa kwanza.

Kumbe kilichofungwa ni mdomo. Kichwa kiko wazi kama duka la Mhindi.

Jumatatu, 26 Mei

Bwana Nzomo amesema wiki jana alisimama nje ya dirisha. Anataka darasa la nne lipige ngoma Siku ya Wazazi. Nimemwambia nitawapigia kitu ambacho Mbumbuni haijasikia.

Jumamosi, 31 Mei

Mungu wangu.

Niandike polepole. Wazazi walijaa, akina mama na vitenge vyao, wazee wa kanisa mbele kwenye viti, Musembi katikati yao, mtu mrefu mwenye mikono mikubwa na koti la Jumapili. Kando yake mama yake, ambaye kila mtu humwita Susu Syokau, yaani nyanya, bibi mdogo kama kifaranga aliyejifunika shuka. Kalunde alikuwa na kopo lake mstari wa mbele. Baba yake alimwangalia mara moja, akatazama pengine.

Nami, kwa ujuaji wangu, nilikuwa nimewafundisha mpigo mmoja mtamu kuliko yote ninayojua, tuliokuwa tukiupiga hotelini wakati wa chakula cha jioni. Ni mpigo wa kilumi. Kilumi, kwa asiyejua, ni ngoma ya zamani ya akina mama wazee. Hupigwa kuita mvua, hupigwa wakati wa ugonjwa, na mwenye pepo wake akiisikia pepo humpanda. Mimi nilikuwa nimeipiga miaka na miaka watu wakila kuku, na hakuna aliyewahi kupandwa na kitu isipokuwa Mwingereza mmoja, na huyo alikuwa amelewa. Nikaona ni muziki tu.

Watoto wakaanza. Walipiga vizuri, lazima niseme, walipiga vizuri kunishinda mimi nilipokuwa na umri wao. Mara nikaona shuka la Susu Syokau linaanguka. Mabega yakaanza kutetemeka. Bibi akainuka kama amevutwa kwa kamba, akaingia uwanjani, shingo mbele, miguu ikikanyaga ardhi, na sauti ikamtoka ambayo si ya bibi mdogo. Bibi mwingine akainuka nyuma ya choo. Wa tatu akaangusha kikapu cha mayai.

"Simamisha!" Musembi akapiga kelele. "Mwalimu, simamisha hiyo kitu!"

Hapa ndipo kosa langu lilipozaa mapacha. Nilikuwa nimewafundisha watoto, wiki nzima, kwamba mpigo hauachwi mpaka mimi niinue mkono, hata simba akipita. Na mimi nilikuwa nimesimama mdomo wazi, mikono imening'inia. Watoto wakaniangalia. Mkono haujainuka. Wakaendelea. Waliendelea kwa nidhamu ambayo sijaiona hata jeshini, na Susu Syokau akaendelea, mpaka mwanawe alipovuka uwanja akamnyang'anya mtoto fimbo, akamkumbatia Waziri kama anayebeba ng'ombe mzima, akaenda naye.

Kisha akarudi, akamwokota mama yake aliyekuwa amelala chini anahema, akamfunika shuka. 

Jumanne, 3 Juni

Kikao cha kamati. Niliitwa nikae karibu na mlango, mahali pa mshtakiwa.

Musembi alisema: "Kanisa halikujenga shule hii ili pepo wapewe dawati. Huyu mtu wa Kitui ametuletea mambo ya Kitui."

"Mzee, hata huku kwenu Masaku kuna pepo," nikasema. "Nimewaona Jumamosi." Bwana Nzomo alinikanyaga mguu chini ya meza.

Hukumu: ngoma marufuku. Waziri yuko stoo, kufuli juu yake, pamoja na majembe na mpira uliopasuka. Muziki utafundishwa ubaoni, watoto wanakili. Mimi nitabaki mpaka mwisho wa muhula, kwa sababu hakuna mwingine.

Nilipotoka nilimkuta Musembi akifungua baiskeli yake. Nikamwambia, "Mzee, adhabu ni yangu. Lakini binti yako alikuwa anajifunza hesabu kwa ile ngoma."

"Binti yangu anapiga kopo," akasema. "Mwisho wa muhula tutaona kama kopo linajua hesabu."

Nimemchukia, niseme ukweli. Ni mtu aliyezaliwa na buti.

Ijumaa, 6 Juni

Wamenakili. Do, re, mi. Mmoja ameuliza re ni mnyama gani.

Ijumaa, 13 Juni

Wamenakili. Ukungu tangu asubuhi, mlima hauonekani. Kalunde amerudi kuwa kama hayupo. Musyoka amemwiga tena, kuku, kuku. Nimemtoa nje kwenye baridi. Nje alifurahi.

Jumanne, 17 Juni

Baridi. Nimevaa tai na mashati mawili.

Ijumaa, 20 Juni

Nilikuwa nimeapa sitapita karibu na nyumba ya Musembi, lakini leo Susu Syokau ameniita kutoka ugani. Alikuwa anasuka kiondo, kimya, kama si yeye aliyekanyaga uwanja mzima.

"Njoo, Kisilu wa Mumbua. Unaniogopa?"

"Susu, mimi naogopa watu wawili tu, wewe na mwanao."

Akacheka na meno yake matatu. Kisha akaniambia jambo ambalo limenigeuza ubavu, kama mtu aliyelala upande mmoja muda mrefu.

"Huyo mwanangu unamwona jiwe. Zamani ngoma ya kilumi ilikuwa ikilia upande wa Mbooni, mimi naacha jembe naenda. Siulizi mtu. Naenda siku mbili, siku nne, kijiji hiki, kijiji kile. Baba yake alikuwa Makindu anafanya kazi ya reli. Musembi alikuwa na umri wa Kalunde hivi. Alibaki na wadogo zake. Siku moja nilirudi nikakuta amewapikia maganda ya maharagwe, amewaambia ni mboga ya wageni." Akavuta uzi. "Hajawahi kunitukana. Hata mara moja. Ila akisikia ule mpigo, tumbo lake linasikia njaa."

Nikamshikia uzi.

"Na Kalunde, Susu?"

"Kalunde akimbeba mtoto anamwimbia. Hakwami hata kidogo. Hukumwuliza?"

Sikuwa nimemwuliza. Nimetembea nchi mbili na sikumwuliza mtoto aliye mbele yangu.

Jumatano, 2 Julai

Leo ni siku ya kuandika mpaka taa iishe mafuta.

Mvua ya Aprili ilikuwa imeteremsha udongo wote wa shamba la shule mpaka mtoni, ikabaki mifupa ya mlima. Kwa hivyo chifu akaita mwethya, kazi yetu ya pamoja: wazazi wote na watoto, jembe mkononi, tuchimbe mitaro na kutupa udongo upande wa juu yawe matuta. Wazazi walipewa mstari wa juu. Darasa la nne walipewa mstari wa chini yao, na mimi msimamizi wa darasa la nne.

Wazazi walianza na wimbo, kama kawaida. Huwezi kuchimba mwethya kimya, mgongo utakataa. Mwimbishaji anaita, wengine wanaitikia, majembe yanashuka pamoja. Musembi mwenyewe alikuwa huko na fulana iliyotoboka, anaitikia kwa sauti nene. Nikamtazama, nikajiambia: Kisilu, mjinga wewe. Hiki ni nini kama si muziki? Na mzee wa kanisa anauimba!

Watoto wangu walikuwa wanachimba kama vita vya kuku. Kila mmoja kivyake, jembe huku, jembe kule. La Musyoka likapita karibu na kidole cha mguu wa Kalunde, upana wa unyasi tu.

"Simameni! Nani ataimbisha?"

"Mimi! Mimi!" Nikampa Musyoka. Akaita haraka, kwa sifa, kama anafukuzwa na nyuki, mara moja wote wakawa hoi na majembe yamepishana. Mtoto mwingine akaita polepole mpaka tukasikia usingizi. Nikamgeukia Kalunde. Sikumwambia "imba". Nilisema tu, "Kalunde, mtoto wa mama yako akilia unamwambiaje?"

Akasogea mbele ya mstari. Kisha akainua jembe lake dogo, akaita kwa Kikamba, nami naandika kwa Kiswahili:

"Udongo ulienda wapi?"

Hakuna aliyejibu, walikuwa wameshangaa. Hakukwama! Nikaitikia peke yangu, na sauti yangu ya chura: "Mtoni!" Nikashusha jembe mara mbili, pu-pu.

"Nani aliualika?"

Sasa kumi wakajibu, "Mvua!" Pu-pu.

"Nani ataurudisha?"

Wote. "Sisi!" Pu-pu.

Aliendelea. Alitunga hapo hapo. Aliwaita kwa majina yao, nani mvivu, nani anajificha nyuma ya jembe, nani amekula viazi viwili asubuhi. Wakacheka na majembe yakashuka pamoja. Alijua achelewe kidogo wapi ili wadogo wapumue, na wapi akaze. Hilo halifundishwi ubaoni. Musyoka aliyezoea kuwa wa kwanza katika kila kitu ilibidi amngoje, kila mstari, aangalie mdomo wake ule ule aliouita kuku. Alingoja. Alipokosea pigo akajisahihisha mwenyewe kabla sijasema.

Ndipo nikasikia mstari wa juu umenyamaza. Wazazi walikuwa wamesimama wakitazama chini. Musembi alikuwa ameegemea mpini. Uso wake sikuweza kuusoma.

"Nani anasikia njaa?" akaita Kalunde, haoni juu.

"Sisi!" watoto wakajibu. Na juu, polepole, kama mtu asiyejua kama anaruhusiwa, jembe kubwa likashuka mara mbili. Pu-pu.

Wakati wa kula muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, nilimsogelea Musembi. "Mzee, umemsikia?"

"Nimesikia." Akajichotea tena. "Kuimba si kuhesabu, mwalimu. Neno langu ni lile lile."

Lakini leo hakuniita mtu wa Kitui.

Ijumaa, 4 Julai

Nimemwambia Bwana Nzomo kwamba kipindi changu nakipeleka kwenye matuta. Amekuna kidevu. "Kwenye ratiba tutaandika kilimo," akasema, "lakini masikio yangu yanajua."

Ijumaa, 11 Julai

Mzima ni jembe moja kwa hatua nne. Nusu, majembe mawili. Robo, manne. Tumeongeza: nusu na robo, robo tatu, mzima na nusu. Wanazichimba, kisha wanazichora kwenye udongo laini wa tuta kwa kijiti, mabaka marefu na mafupi. Yule mdogo wa mwisho, asiyejua hata mbili na mbili, amenionyesha tuta lake: "Mwalimu, robo hizi zangu zimejaa nusu." Nikatazama. Zimejaa.

Wataalamu watakuwa na jina lake kwa Kiingereza. Mimi naona tu kwamba mguu ukielewa, kichwa hakibishani.

Jumanne, 15 Julai

Upepo. Hakuna la maana. Dada yangu ameniambia nimeacha kusimulia habari za Ulaya. Sikuwa nimetambua.

Ijumaa, 18 Julai

Musyoka amempiga mvulana wa darasa la tano aliyemwiga Kalunde. Nimemwadhibu kwa kosa la kupiga. Kisha nimempa andazi.

Kalunde akisema bado anakwama. Nisijidanganye. Ila siku hizi darasa linangoja. Nimeona kwamba akijua watangoja, anakwama kidogo zaidi ya jana, yaani kidogo kuliko jana, Kiswahili changu kinaniacha nikifurahi.

Alhamisi, 24 Julai

Musembi ametuma neno. Jumamosi, siku ya soko. Mwalimu aje akitaka.

Nimepiga tai pasi.

Jumamosi, 26 Julai

Bucha ilikuwa imejaa. Musembi hakufanya kwa siri, na nadhani hakutaka kumwaibisha mtoto. Yeye ni mtu anayeamini neno likisemwa lina mahali pake pa kusemewa. Susu Syokau alikuwa ameketi kwenye gunia pembeni na kiondo chake. Mimi nilisimama nyuma ya wateja, tai imenikaba. Kalunde alisimama mbele ya gogo la kukatia nyama, mikono nyuma.

"Mama huyu anataka nusu kilo na robo," Musembi akasema. "Nikikata kwenye kilo moja, itabaki ngapi?"

"R-r-r..." Mishipa ya shingo ikasimama. "R-r-r..."

Mama mteja mwenyewe akamhurumia, akasema, "Robo, mtoto," na Musembi akafumba macho. Mtu mmoja nyuma yangu akanung'unika, "Tukatieni nyama twende."

Nikashindwa kuvumilia. "Mzee Musembi! Sisi darasani humngoja!"

Nilidhani atanitoa na panga. Alinitazama, akawatazama watu. "Basi tungoje," akasema. Akapanga swali upya. "Huyu anataka nusu na robo. Yule wa pili robo tatu. Huyu mwenye kofia kilo moja na nusu. Yote pamoja nikate kilo ngapi?"

Kalunde akatoa mikono nyuma, akaweka vidole juu ya gogo. Nikajua: ataonekana anapiga ngoma. Mbele ya baba yake. Vidole vikaanza kutembea, polepole, mkono wa kushoto ukishika hatua, wa kulia ukijaza. Taka-taka-taka. Taka-taka-taka. Musembi aliviangalia vile vidole.  Mkono wake ukanyanyuka kutoka kwenye panga, na mimi nikaanza kusukuma watu nipite.

Lakini Susu Syokau hakutetemeka bega. Aliendelea kusuka. Musembi alimtazama mama yake, akarudisha macho kwenye vidole, akasikiliza. Haukuwa ule mpigo. Ulikuwa wa matuta. Mkono wake ukashuka.

Kalunde akainua kichwa. Hakusema, aliita, kama pale mlimani, na sauti ikafika mpaka kwa wauza vitunguu:

"Kilo ngapi nitakata?" Akajijibu mwenyewe, "Tatu!"

Na hapo palikuwa na nafasi. Kila aliyekuwa kwenye mwethya alisikia ile nafasi, mahali jembe hushuka. Ikakaa wazi. Kalunde akamtazama baba yake.

Musembi akageuza panga upande wa butu. Akaligonga gogo. Pu-pu.

Watu walicheka, wakapiga makofi, yule mwenye kofia akasema sasa apewe kilo yake na nusu. Musembi alimpa mtoto kitambaa. "Futa gogo," akamwambia. "Na Jumatatu usichelewe shule." Basi. Akarudi kukata nyama, ila nilimwona amekata mfupa mara tatu mahali ambapo mara moja hutosha.

Nimetoka nje nikapenga kamasi. Ni baridi ya Mbumbuni.

Ijumaa, 1 Agosti

Tumefunga shule. Jua limetoka, vumbi limeanza. Wakati watoto wamepanga mstari, Musembi ameingia uwanjani na baiskeli, nyuma amefunga kitu kilichokunjwa. Ngozi ya beberu, mbichi, kubwa.

"Hii ni ya somo la ufundi," akaniambia.

"Ufundi gani, mzee?"

"Mwalimu ni wewe. Mimi nauza nyama." Akaifungua kamba. Kisha akasema chini chini, mimi tu nisikie, "Ule mpigo mmoja. Usirudi hapa."

"Hautarudi. Naapa kwa Mumbua."

"Mingine, siijui. Kamati itajifanya haijui vile vile. Na Septemba njoo mapema, hakuna mwingine wa kuchukua kipindi chako."

Susu Syokau alikuwa amefika nyuma yake kwa mkongojo. Akaishika ngozi, akainusa. "Musembi, umeacha mafuta huku. Itaoza. Nani alikufundisha kuchuna?"

"Ni wewe, Mama."

"Basi nilifundisha vibaya," akasema, na wote wawili wakacheka. Sikujua yule mtu ana meno meupe hivyo.

Kalunde alikuwa amesogea. "Mwa-mwa-mwa..." Darasa lote likatulia. Musyoka alisimama mdomo nusu wazi, anangoja, kama pale kwenye tuta. "Mwalimu, tu-tutaiwamba lini?"

Waziri bado yuko stoo, na kufuli lake. Atatoka Septemba akute ana mdogo wake wa ngozi hii. Bwana Nzomo alikuwa ameshapiga kengele ya kufunga muhula, wazazi wanaita, njia zote ziko wazi.

"Sasa hivi," nikasema, "kabla jua halijaikausha vibaya. Nani atashika upande huu?"

Hakuna aliyekwenda nyumbani.